Yai la Jumapili ya Mavuno

Daftari la sadaka lina safu tatu:
jina, kitu, thamani.
Mwaka jana, Jumapili kama hii, niliandika
uwele madebe manne, karanga kisado,
beberu la Ndahani lenye sikio pungufu,
mpaka kalamu ikaniishia wino.

Mwaka huu wino ninao.

Mvua ya Desemba ilikuja siku mbili,
ikachungulia kama mgeni aliyekosea nyumba,
ikaomba radhi, ikaenda zake Kondoa au kwingineko.
Uwele ulifika magotini mwa mtoto
ukasimama hapo, ukakauka umesimama.
Lakini kalenda ya Dayosisi huchapwa mjini
na kalenda hailimi:
Jumapili ya Mavuno ni Jumapili ya Mavuno.

Kasisi ana mitaa kumi na mmoja na pikipiki moja,
nayo mnyororo wake hukatika ukisikia jina la Chilungulu.
Basi ni mimi, mwinjilisti,
kanzu imeshonwa kwapani mara mbili,
niliyegonga rimu ya lori pale mgungani
nikasimama mbele ya meza tupu, nikatangaza shukrani.
Sauti ilikwama kwenye neno la tatu.
Nikasingizia vumbi.

Akina mama walichelewa.
Tangu Pasaka pampu imekufa,
imeuawa na kipande cha mpira, duara,
kisichozidi mdomo wa kikombe,
shilingi elfu kumi na mbili, Bahi, dukani.
Kwa hiyo wanachimba korongoni, wanasubiri,
shimo linatoa maji kama mtu anayelipa deni asilolikubali.

Sechelela aliingia na tope hadi viwikoni.
Akapita katikati, hakumwangalia mtu,
akaweka yai mezani.
Likabingirika kidogo. Nikalizuia kwa kidole.
Lilikuwa bado na joto.

Mzee Chitema, dalali wetu, akakohoa:
"Yai! Nani anaanza?"
Mia mbili. Mia tatu. Ndahani, mia tano,
akalinyanyua, akalitazama dhidi ya mwanga wa dirisha,
akalirudisha: "Ni la Bwana. Uza tena."
Likauzwa tena.
Mama Mbeleje, anayedaiwa chumvi na sabuni, akatoa mia nne,
akasema deni nalo lipumzike siku moja.
Mtoto mmoja akapanda dau kwa kifungo cha shati;
Chitema akakipokea, akatangaza "Kifungo kimoja!"
kwa sauti ile ile ya kuuzia ng'ombe,
na kanisa likacheka.
Sikumbuki lini lilicheka mara ya mwisho.

Niungame hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma:
kila liliporudi mezani nililitamani.
Tangu Ijumaa nilikuwa nimekula mlenda, na mlenda, na mlenda.

Liliuzwa mara kumi na tisa.
Tukahesabu: elfu kumi na moja na mia nne.
Chitema akahesabu upya, polepole,
kana kwamba pesa huona haya zikiangaliwa sana.
Elfu kumi na moja na mia nne, na kifungo.

Ndipo Shabani wa dukani, ambaye Jumapili
huegemea dirisha letu kwa nje kusikiliza kwaya,
akapenyeza mkono: "Mia sita. Na mimi nakunywa kwenye bomba lile."
Akapewa yai alishike.
Akalitia mfukoni, akaondoka nalo.

Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwetu hurudishwa.
Tulitazamana. Sechelela ndiye aliyeanza kucheka,
tope likipasuka viwikoni, likidondoka sakafuni,
naye hakujali kufagia.

Jumatatu Chitema aliondoka kwa miguu,
pesa kwenye soksi, soksi kwenye kofia.
Leo ni Alhamisi. Hajarudi.

Nimefungua daftari.
Jina: Sechelela binti Mazoya.
Kitu: yai.
Safu ya tatu nimeiacha.
Nje naona ndoo, zimeanza kupangwa foleni kwenye pampu,
tupu, mdomo juu,
na hakuna aliyewaambia wazipange.